Bei ya Kisu Kisichowahi Kukata

Katika soko la visu vya kale vya mfukoni, kisu kinachopata bei kubwa ni kile ambacho hakijawahi kukata kitu. Hakijamenya chungwa, hakijachonga kijiti, hakijafungua gunia, hakijaonja kinoo hata mara moja. Kilitoka kiwandani kikaingia kwenye kisanduku chake, kikakaa humo miaka 50 kikisubiri mtu aje akitazame bila kukigusa kwa kidole chenye jasho. Pacha wake, aliyetoka kwenye meza ileile ya kiwanda, akaishi mfukoni mwa mkulima na kufanya kazi yote ambayo kisu kiliundwa kuifanya, leo anauzwa kwa kijisehemu cha bei hiyo. Bapa lake limeliwa na kunolewa mpaka limebaki jembamba kama jani la mchaichai, na kila milimita iliyopotea imepotea pamoja na fedha.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu mama mmoja mjane, jirani yangu hapa New Jersey, aliponiomba nimsaidie kukadiria visu vya marehemu mumewe kabla hajaviuza. Anajua napenda vyuma vya zamani. Alikuwa ameshapata mteja aliye tayari kulipa fedha taslimu na kubeba kila kitu jioni ileile, na alichotaka kwangu ni neno moja tu: achukue au asichukue.

Neno hilo moja halikuwepo. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kioo, na ndani yake visu vya kampuni ya Case, vya umbo moja, vimepangwa kwa mstari. Palikuwa pia na seti ya ukumbusho ya mwaka 1976 ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi lake, visu vichache vya makampuni mengine, na kisu kidogo cha Kiingereza chenye mpini mweupe. Yule mteja alitaja bei moja kwa vyote. Bei ya jumla ya namna hiyo ni mbuzi kwenye gunia, ila hapa aliyefungwa macho ni muuzaji.

Ndugu wa ukoo wa Case walianza kutengeneza na kuuza visu mwaka 1889, wakipita njia za magari ya farasi katika jimbo la New York. Kampuni iliyozaliwa na biashara hiyo, W. R. Case & Sons, ilihamia Bradford, Pennsylvania, mwaka 1905 na ipo hapo mpaka leo; tangu 1993 inamilikiwa na jirani yake wa mji huohuo, Zippo, wale wa viberiti vya chuma. Visu vyao hugongwa mhuri kwenye msuka, pale bapa linapoingilia mpini, na mhuri huo ni daftari la tarehe kwa anayejua kuusoma. CASE XX peke yake ni kisu cha kati ya 1940 na 1964. Ukiongezwa U.S.A., ni cha kati ya 1965 na 1969. Mwaka 1970 kampuni iliweka nukta 10 chini ya mhuri, na kila mwaka uliofuata ikaondoa moja, mpaka kisu cha 1979 kikabaki na nukta moja. Mwaka 1980 wakaanza upya na nukta 10, safari hii herufi S ikichorwa mfano wa radi.

Kiwanda kiliweka nukta hizo kwa kazi ya kuhesabu miaka, lakini ziliwapa watu sababu ya kukusanya. Mtu aliyekuwa ananunua kisu kimoja kila baada ya miaka kadhaa sasa alikuwa na nafasi 10 za kujaza. Ndivyo alivyofanya huyu marehemu. Alichagua kisu nambari 6254 na kukitafuta cha kila mwaka wa muongo ule. Nambari yenyewe nayo inasema: 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa vijishimo, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo. Mpini ungekuwa wa pembe ya paa, nambari ingeanza na 5. Umbo hilo huitwa Trapper, kisu cha wategaji wa wanyama: bapa moja lina ncha kali, jingine lina ncha butu ya mviringo, la kuchunia ngozi bila kuitoboa.

Nikasogeza kisanduku dirishani, nikavitoa kimoja kimoja. Kisu kama hiki hukifungui kwa haraka. Unaingiza ukucha kwenye mfuo mdogo wa bapa, springi ya mgongo inakupinga kwanza, kisha inakubali, na bapa likifika mwisho linakaa kwa mlio mmoja mkavu. Ukilirudisha, mlio uwe uleule. Bapa likilegea kushoto na kulia, au likifunga kivivu bila sauti, ujue springi imechoka au ribiti imelika. Halafu unakielekeza kisu kwenye mwanga na kutazama mgongoni, ambako springi imelaliana na mabati ya ndani. Mwanga ukipenya hapo, bei inashuka. Unatazama mfupa karibu na ribiti, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Mwisho unausoma mhuri: kingo za herufi ziwe bado kali. Mhuri uliofifia huku chuma kikimeremeta ni dalili kwamba mtu alikisugua kisu kwenye gurudumu la kung'arishia. Na msuka ulio mpya kuliko mpini wake ni dalili mbaya zaidi, kwamba bapa limebadilishwa, au mhuri umegongwa na mtu ambaye hajawahi kufika Bradford.

Vingi vilikuwa safi. Viwili vilikuwa na kutu, na kutu yenyewe ilinishangaza, kwa sababu ilikuwa upande mmoja tu wa kila kisu, upande uliotazama kisu kilicholala katikati yao. Hicho cha katikati kilikuwa cha kampuni nyingine, chenye mpini wa seluloidi wa rangi ya asali, na bila shaka kiliwekwa pale kwa uzuri wake. Seluloidi ya zamani inapozeeka huanza kuoza yenyewe na kutoa hewa yenye tindikali. Ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, hewa hiyo haina pa kwenda, inatua kwenye chuma kilicho jirani. Kile kioo kilichowekwa ili kuvilinda visu dhidi ya vumbi ndicho kilichovifungia na sumu. Anayeweka visu vya mipini ya seluloidi aviweke mbali na vingine, mahali penye hewa, na mbali na moto pia, kwa maana seluloidi hushika moto upesi mno.

Mama alikuwa tayari ana kopo la dawa ya kung'arishia na kitambaa. Alitaka visu vya mumewe vionekane vimetunzwa. Nilimwomba aliweke kopo lile kando, nikamweleza sababu. Mkusanyaji hanunui mng'aro, anaununua ule uso ambao kiwanda kiliuacha. Kutu ya juu hupanguswa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, basi. Weusi wa uzee unaachwa ulivyo. Visu vingi sana vimepoteza thamani yake katika wiki ileile aliyofariki mwenye navyo, mikononi mwa watu wanaompenda, wakifanya usafi kwa heshima yake.

Nafasi ya kisu cha nukta 3, yaani cha mwaka 1977, ilikuwa tupu. Seti yenye pengo haipungui bei kwa kiasi cha kisu kimoja tu. Inapungua kwa kiasi cha usumbufu atakaoupata mnunuzi kukitafuta kilichokosekana, na kwa wengine seti isiyotimia si seti, ni visu tisa. Nilimuuliza mama kama anajua kilipo. Akafungua droo ya vijiko, akakitoa. Mumewe alikuwa anakibeba. Mpini ulikuwa umelainika mpaka vijishimo vya mfupa havishikiki tena kidoleni, bapa kubwa limenolewa likapoteza tumbo lake, na ncha ya lile la pili imevunjika. Sokoni kisu kile hakina maana kubwa. Kati ya vyote kilikuwa ndicho pekee kilichoishi maisha ya kisu.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba kukadiria thamani ni kazi mbili, na watu huumia wanapozichanganya. Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili kizuri hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukisemea: huu ni mwaka gani, hili ni umbo gani, hakijanolewa, hakijasuguliwa, boksi lake hili hapa. Asipokuwepo wa kukisemea, kizuri na kibaya vinaingia kwenye gunia moja. Na kile kinachopendwa nyumbani hakitapandishwa bei na upendo huo, hata mwenye nacho alie machozi mbele ya mnunuzi. Bei inapima uadimu na hali ya kitu. Haina kipimo cha mkono uliokishika.

Sheria ya kodi ya Marekani ina maelezo ya thamani ya soko ambayo nayaona ya busara kuliko vitabu vingi. Thamani hiyo ni bei ambayo mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari wangekubaliana, hakuna kati yao aliyeshurutishwa, na wote wawili wakiufahamu ukweli wa kutosha kuhusu mali yenyewe. Nimeyatafakari sana masharti hayo, kwa sababu ukiyaweka mbele ya mjane ameketi jikoni kwake yanaanguka moja baada ya jingine. Je, yuko tayari? Yuko tayari kwa kuwa hana la kufanya. Je, hajashurutishwa? Kodi ya nyumba inamshurutisha, bili za hospitali zinamshurutisha, watoto wanaotaka ahamie nyumba ndogo kabla ya majira ya baridi wanamshurutisha. Je, anafahamu? Aliyefahamu amezikwa.

Masharti mawili ya kwanza hakuna awezaye kumrudishia kwa mara moja. La tatu linarudishika. Ndiyo maana naamini kwamba kukadiria thamani kabla ya kuuza si tamaa, wala si kumshuku mnunuzi. Ni kumrudishia muuzaji nafasi yake ya haki kwenye meza. Mnunuzi mzoefu hahitaji kusema uongo hata neno moja. Anachohitaji ni kunyamaza.

Basi tukaanza na daftari, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kisu kikaandikwa: mhuri ulivyo herufi kwa herufi, idadi ya nukta, nambari ya umbo, mpini, hali ya kila bapa, kasoro hata iliyo ndogo, boksi lipo au halipo. Kila kimoja kikapigwa picha kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, pande zote mbili, na mhuri kwa karibu. Mtu akishafanya hivyo, hata bila kujua bei yoyote, ameshabadilika kutoka mtu anayeuza vitu vya marehemu na kuwa mtu anayeuza mali anayoijua.

Bei zenyewe hutafutwa kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika. Mtu yeyote anaweza kubandika tarakimu aitakayo kwenye kisu kisichonunuliwa, kikakaa dukani miaka. Kilichouzwa kweli, mwaka huu, chenye mhuri huohuo na hali hiyohiyo, ndicho shahidi. Na bei hiyo nayo ina milango yake. Mwenye duka atatoa pungufu sana, na hana kosa, maana naye lazima auze apate chakula. Nyumba ya mnada inakata kamisheni yake. Kumuuzia mkusanyaji moja kwa moja kunaleta zaidi, lakini kunadai muda, subira na maswali mengi. Makadirio ya bima yasimdanganye mtu: hayo ni gharama ya kukipata kingine, na kwa kawaida yako juu ya kile utakachopewa mkononi. Na anayekukadiria asiwe yule anayetaka kununua.

Kuhusu seti ya ukumbusho, mama alikuwa ameiwekea matumaini yote. Ilikuwa na boksi la mahameli, karatasi za uthibitisho, nambari zinazofuatana. Mwaka 1976 Marekani ilitimiza miaka 200 ya uhuru, na makampuni ya visu, kama makampuni ya sahani, sarafu na medali, yalitoa seti za ukumbusho kwa wingi. Watu wakazinunua wakijua zitapanda bei, wakazihifadhi kwa uangalifu mkubwa. Wote walizihifadhi, na hiyo ndiyo hasara yake. Kitu kilichotengenezwa ili kikusanywe hakipotei, hakivunjiki, hakisahauliki kwenye mfuko wa suruali, kwa hiyo hakiwi adimu kwa kasi ambayo mwenye nacho aliitarajia. Visu vya kazi vya miaka ya 1940 na 1950 ni adimu vikiwa safi kwa sababu karibu kila aliyekuwa nacho alikitumia. Kwa namna fulani, wale waliovichakaza visu vyao ndio waliovitajirisha vichache vilivyobaki. Ilinipa faraja kidogo kumweleza mama hivyo, huku ameshika kile cha nukta 3.

Kikabaki kile kisu cha Kiingereza. Kwenye msuka kilikuwa na nyota na msalaba wa Malta, alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, mafundi waliotengeneza kisu kikubwa cha mabapa na vifaa 75 kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Hakikuwa na neno England, na hilo lina maana: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo kisu kilicholetwa huku bila neno hilo huenda kiliwasili kabla yake. Mpini wake ulikuwa mweupe uliogeuka krimu. Chini ya lenzi mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi, na seluloidi ya kuigiza huonyesha mistari iliyonyooka mno, iliyopangwa mno. Huu haukuwa na vitundu, na pale ulipokatwa kwa upana ulionyesha mistari iliyopishana mithili ya jamvi. Ilikuwa pembe ya ndovu.

Sikuweza kukishika kama nilivyovishika vingine. Katika karne ya 19 Sheffield ilikuwa ikila pembe kwa tani, na Rodgers walikuwa na ghala lao maalumu la kuzihifadhi. Bandari kubwa ya pembe upande wetu wa Afrika ilikuwa Unguja. Zilishushwa pwani na misafara iliyotoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, na katika biashara iliyofungamana na ile ya watumwa. Mfanyabiashara Tippu Tip alijengea utajiri wake humo. Siwezi kusema pembe ya kisu hiki ilitoka wapi, na hakuna mhuri wa kulisema hilo. Hiyo ni sehemu ya uzito wake: bapa limegongwa jina la fundi na alama yake ya biashara, ilhali ndovu, na mtu aliyeibeba pembe yake begani kutoka bara, hawana hata nukta moja.

Wakusanyaji wa zamani wangekilipia vizuri. Leo sheria imeingia kati. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa CITES ulikubali kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi, na marufuku ikaanza mwaka 1990. Mwaka 2014 New Jersey na New York zilipitisha sheria zao za kuzuia uuzaji ndani ya jimbo, na mwaka 2016 serikali kuu ya Marekani ikakaza zake. Uingereza, nchi ya Sheffield yenyewe, ilianza kutekeleza sheria yake ya pembe mwaka 2022, yenye misamaha michache kwa vitu vya kale. Hapa New Jersey kisu kile kinaweza kurithiwa, lakini hakiwezi kuuzwa. Nawajua watu wanaoona uchungu kwamba sheria imefuta mali yao. Mimi nasimama upande wa sheria. Kati ya 2009 na 2014 idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na kila soko la pembe, hata la vitu vya babu zetu, lilikuwa mahali ambapo pembe mpya ingeweza kujificha ikiitwa ya zamani. Kwenye daftari, mbele ya kisu hicho, tuliandika jina la alama, hali ya bapa, na katika safu ya bei tukaweka sifuri. Ni mara ya pekee niliyoandika sifuri nikiwa na hakika kwamba ni makadirio sahihi.

Yule mteja wa fedha taslimu alipiga simu tena. Mama akamwambia visu vimeandikwa, kila kimoja kina picha na maelezo yake, na kwamba atapokea bei ya kila kisu kwa jina lake, si ya sanduku zima. Akasema atafikiria. Kile cha droo ya vijiko hakikuwa kwenye orodha.

Kwa hiyo wewe uliyeachiwa sanduku la visu, au la saa, au la sarafu, na mtu yuko mlangoni na fedha mkononi, nakuomba usiuze leo. Visu vitoe kwenye ala za ngozi, kwa maana ngozi hula chuma. Vipanguse kwa mafuta mepesi, viweke pakavu, seluloidi mbali na vingine. Vikiwekwa hivyo vitakusubiri mwaka mzima bila kupungua hata senti. Na mnunuzi anayesema lazima iwe jioni hii, mwache aende zake.